UZI: Dispensari ya Zamani pale Mizingani. Ni hospitali hii, au kumbukumbu iliyovaa joho la hospitali?

Mzururaji wa Vichochoro (mleta uzi)

Habari za jioni wanajukwaa. Huu ni uzi wa majengo, hauna siasa wala udaku, na ni mrefu. Mwenye haraka apite, mwenye kahawa avute kiti.

Ukishuka boti bandarini Unguja, ukatoka getini na kushika mkono wa kulia kama unakwenda Forodhani, kabla hujafika Mtini, pale kwenye ule mti mkubwa, utaliona upande wako wa kushoto jumba ambalo hata asiyejua lolote la ujenzi husimama kulitazama. Roshani za mbao zimetokeza mbele, zimetobolewa nakshi mpaka unadhani ni kitambaa cha kimia kilichotundikwa kikauke. Kuna vioo vya rangi, kuna maua ya lipu juu ya kuta, kuna nguzo zilizopambwa hadi shingoni. Wageni hupiga picha wakidhani ni kasri. Wenyeji tunaliita Dispensari tu.

Na kweli lilikusudiwa kuwa hospitali. Mwaka 1887 Malkia Victoria wa Uingereza alitimiza miaka 50 kwenye kiti, na tajiri mkubwa wa Unguja, Tharia Topan, akaweka jiwe la msingi la hospitali ya maskini iwe kumbukumbu ya jubilei ile. Topan alitoka Kutch, India, akiwa kijana mdogo, akapanda mpaka akashika forodha ya Sultani. Mchoraji wa jengo, Hashem Virjee Patel, alikuwa Mhindi pia, na ndiyo maana ukilitazama unaona Gujarat kabla hujaona Unguja. Topan mwenyewe hakuliona likikamilika. Alifariki 1891 huko India, mjane wake akaendeleza kazi, na jengo likamalizika 1894.

Sasa hoja yangu. Nimelizunguka jengo hili mara nyingi, nimeingia ndani, nimekaa uani, na kila mara natoka na swali lile lile: wagonjwa walikusudiwa walale wapi? Kila nikitafuta wodi naona nyumba ya tajiri. Ua katikati, ushoroba unauzunguka kila ghorofa, vyumba vimejipanga pembeni. Mpango huo unaujua kila aliyewahi kuingia nyumba kubwa ya Mji Mkongwe. Na historia yenyewe inanishuhudia: halikupata kuwa hospitali kamili. Mwanzoni mwa karne ya 20 lilinunuliwa kwa mali ya tajiri mwingine, Nasser Nur Mohamed, likawekwa wakfu. Chini ikawa dispensari ya kugawa dawa, juu wakakaa wapangaji.

Kwa hiyo nauliza, hasa mafundi na wauguzi mliomo humu: je, jengo lilishindwa kuwa hospitali kwa sababu mwenyewe alikufa, au lilishindwa tangu kwenye karatasi ya mchoraji?

---

Fundi Chokaa

Mkuu umenigusa. Nimepiga chokaa Mji Mkongwe zaidi ya miaka ishirini, jengo hilo nalijua kwa viganja.

Kwanza nikukosoe kidogo. Unasema ua ni wa nyumba ya tajiri kana kwamba ua ni pambo. Ua ni mashine. Jua likipiga paa na kuta za juu, hewa ya uani inapata joto, inapanda, inatoka. Ikitoka inavuta nyingine kutoka mlango wa mbele na madirisha ya upande wa bahari. Huna haja ya feni. Kaa pale chini saa nane mchana utausikia upepo unakupita shingoni. Sasa ziweke roshani mbele ya hiyo mashine: jua la jioni linatua baharini, na uso wa jengo unatazama huko huko. Bila zile roshani ukuta ungeoka kuanzia alasiri na vyumba vikawa tanuri mpaka usiku wa manane. Zile tundu za nakshi unazoziita kimia zinakata mwale na kuacha upepo upite.

Mhindi yule aliyechora hakuwa mjinga. Alijua joto.

---

Mpemba Mtulivu

Nipo hapa nasoma. Endeleeni.

---

Nesi wa Zamu ya Usiku

Salaam wanajukwaa. Mie si mjenzi, ni muuguzi, nimefanya kazi kwenye wodi za kila aina, na hoja ya mleta uzi naielewa vizuri kuliko anavyojielewa mwenyewe.

Miaka ile ile Topan anaweka jiwe lake, huko Uingereza kulikuwa na namna moja ya kujenga wodi ambayo kila mtu aliiiga. Ilipigiwa debe na muuguzi wa Kiingereza, Florence Nightingale, baada ya vita vya Crimea. Chumba kirefu kama behewa, vitanda safu mbili, vichwa ukutani, miguu katikati, dirisha refu kila baada ya kitanda, madirisha yakitazamana ili upepo uingie huku utoke kule. Muuguzi mmoja mezani kwake anawaona wagonjwa thelathini kwa kugeuza shingo tu. Hospitali ya St Thomas' ya London, iliyofunguliwa 1871, ilijengwa hivyo, mabanda kadhaa yamepangwa kando ya mto.

Sasa fikiri uko zamu ya usiku ndani ya Dispensari. Vyumba pembeni, kila kimoja na mlango wake, ghorofa juu ya ghorofa. Mgonjwa wa chumba cha pembeni akikata pumzi wewe uko upande wa pili wa ushoroba unapima homa ya mwingine. Utamjuaje? Wauguzi wangapi watatosha? Hapo ndipo jengo linapofeli, kwenye macho. Hewa si tatizo, Fundi yuko sahihi.

Na kuhusu hewa niongeze jambo. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti uliofanywa katika hospitali za Lima, Peru, kuhusu kifua kikuu. Walipima hewa ya chumba inabadilika mara ngapi kwa saa. Vyumba vilivyofunguliwa milango na madirisha vilipata kama mara 28. Vyumba vya kisasa vya mashine, vilivyowekwa maalumu kwa wagonjwa wa kuambukiza, vinatakiwa vifike mara 12. Na walipolinganisha majengo yenyewe, yale ya zamani yenye dari ndefu na madirisha makubwa yalifika 40, mapya yenye madirisha madogo 17. Nilipousoma nilicheka peke yangu, nikakumbuka wodi fulani mpya niliyofanyia kazi, dari unaigusa kwa mkono, madirisha ya kusukuma nusu, na kila anayekohoa anamgawia jirani yake.

---

Mzururaji wa Vichochoro (mleta uzi)

Nesi, shikamoo kama umri unaruhusu. Umelisema nililokuwa nalizunguka.

Fundi, kwenye hewa nimesalimu amri. Lakini nina swali la upana. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe nilizoingia vyumba vyake ni virefu na vyembamba, kama mita tatu hivi, hata vya matajiri. Behewa alilolieleza Nesi linahitaji upana wa mita tisa au zaidi. Je, mafundi wetu wangeweza kulijenga hata wangetaka?

---

Fundi Chokaa

Swali zuri, na jibu lake liko msituni.

Nyumba ya mawe ya kwetu inabebwa na boriti. Boriti ni mti wa mikoko, unakatwa, unakaushwa, unalazwa kutoka ukuta hadi ukuta. Juu yake unapanga mawe na kokoto, unamwaga chokaa, unaitwanga kwa mipini mpaka inashikana. Zamani wanawake walitwanga huku wakiimba, siku nzima, wengine siku kadhaa. Sasa boriti nzuri iliyonyooka haizidi urefu fulani. Toa sehemu inayozama ukutani huku na huku, unabaki na mita mbili na nusu, tatu ukibahatika. Basi, hapo ndipo chumba kinapokomea. Tajiri akitaka chumba kikubwa anaongeza urefu, upana hauongezeki. Nenda Lamu, nenda Unguja, nenda magofu ya Kilwa, utaukuta upana ule ule. Mti wa mkoko ndio uliochora ramani ya pwani nzima.

Ukitaka kuvuka hapo unahitaji boriti za msaji kutoka ng'ambo, au chuma. Na kwa miaka ile chuma kilikwishafika Unguja. Beit al-Ajaib la Sultani Barghash lilimalizika 1883, nguzo zake za nje ni za chuma cha kuyeyushwa, veranda zimelizunguka lote. Kwa hiyo kwa mtu mwenye pesa za Topan chumba kipana kiliwezekana. Hakukitaka tu. Au mchoraji wake hakuwahi kuona wodi inafanyaje kazi, akachora alichokijua: jumba la mfanyabiashara wa Bombay.

---

Kijana wa Kota

Mnasifia nakshi hapa wakati hakuna anayeuliza pesa zilitoka wapi. Topan ndiye aliyekuwa akimkopesha Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa pembe na watumwa, mali ya kwenda bara. Tippu Tip mwenyewe anamtaja katika maisha yake aliyoyasimulia kwa Kiswahili. Pembe za ndovu hazikujibeba kutoka Manyema, huko Kongo, hadi pwani. Kila ua la lipu kwenye ukuta ule lina bega la mtu chini yake.

---

Mzururaji wa Vichochoro (mleta uzi)

Kijana wa Kota, sikatai, na sitaki uzi ufiche hilo. Biashara ya kukopesha misafara ilikuwa hivyo: mfanyabiashara wa pwani anatoa vitambaa, shanga na bunduki kwa mkopo, msafara unakwenda miaka, unarudi na pembe, deni linalipwa kwa faida. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa 1873, miaka 14 tu kabla ya jiwe la msingi. Waliojenga mji ule na waliobebeshwa mizigo ile walikuwa bado hai, wengine ndio hao hao maskini ambao hospitali ilisemekana ni yao.

Ila ndiyo maana mimi nauliza kuhusu jengo lenyewe. Ukuta hausemi uongo vizuri kama karatasi. Karatasi ilisema "hospitali ya maskini". Ukuta unasema: tajiri huyu alitaka aonekane kutoka baharini. Angalia pesa zimekwenda wapi. Uso wa mbele umepambwa mpaka hakuna nafasi ya kuweka kidole. Zunguka nyuma, upande wa vichochoro ambako maskini wangepita, uone kama kuna roshani ya kimia.

---

Bint Malindi

Yakhe, nyuma ya kila nyumba Mji Mkongwe ni ukuta mtupu. Usimwonee marehemu.

---

Mzururaji wa Vichochoro (mleta uzi)

Hahaha, bibie umeniweza. Kweli, nyuma ni ukuta mtupu hata kwa masultani. Nafuta hiyo hoja ya nyuma, ya mbele inabaki.

---

Mzee wa Gerezani

Nawasalimu kutoka Dar es Salaam. Mnisamehe nikiwavusha bahari kidogo, maana huku tuna jozi ya hospitali inayofanana na mjadala wenu.

Mwaka 1897 Wajerumani walifungua hospitali yao ufukweni, hii tunayoiita Ocean Road. Nyeupe, veranda ndefu, vijinara vyenye kuba kana kwamba ni nyumba ya liwali. Robert Koch, yule wa vijidudu vya kifua kikuu, alifanya kazi hapo alipokuja pwani miaka ile. Lakini ilikuwa ya Wazungu. Mwafrika na Mhindi walikuwa na hospitali yao kwingine mjini, iliyojengwa kwa pesa za Sewa Haji Paroo, tajiri wa Bagamoyo aliyejulikana kwa kuandaa misafara ya bara, mwenzake Topan kwa biashara. Naye akafa 1897.

Angalieni sasa majengo yalivyoishi. Ya ufukweni bado yapo, kuta zile zile, na leo ni taasisi ya saratani. Ya Sewa Haji hayapo. Lakini mwulize mtu yeyote aliyewahi kumuuguza ndugu Muhimbili, atakwambia, "alilazwa Sewa Haji". Jina limehamia kwenye jengo la wodi huko. Watu wanalitaja kila siku, wengi hawajui kama lilikuwa jina la mtu. Wengine wanadhani ni jina la ugonjwa, nimesikia kwa masikio yangu.

---

Nesi wa Zamu ya Usiku

Mzee, hilo la jina la ugonjwa limenimaliza. 😂

Ila umetuonyesha kitu. Kumbukumbu ya Sewa Haji ilibaki bila jengo. Ya Topan jengo lilibaki, kumbukumbu ikapotea. Pita pale Mizingani uulize watu kumi, nani atakwambia kuwa lilijengwa kwa ajili ya jubilei ya Malkia? Jina la Victoria kwa Unguja liko Vuga, kwenye bustani. Pale Mizingani limebaki neno moja, Dispensari, kwa sababu kwa miongo kadhaa watu walikwenda pale na chupa zao kuchukua dawa ya kikohozi.

---

Mpemba Mtulivu

Nina swali. Mwaka 1896 Waingereza walipopiga mizinga jumba la Sultani, Dispensari iliponaje? Si iko hapo hapo?

---

Mzururaji wa Vichochoro (mleta uzi)

Mtulivu umezungumza hatimaye! Tarehe 27 Agosti 1896, Khalid bin Barghash, aliyejitangaza Sultani bila ridhaa ya Waingereza, alikuwa amejifungia kasrini, meli zikapiga kama dakika 38 hivi. Shabaha ilikuwa ni kasri na majengo yake, yaliyo mbele zaidi ukitoka Dispensari kuelekea Forodhani. Beit al-Hukm likateketea, na mnara uliokuwa mbele ya Beit al-Ajaib ukaharibika kiasi kwamba baadaye mnara mpya ukajengwa juu ya jumba lenyewe. Dispensari ilikuwa na umri wa miaka miwili tu. Fikiria zile roshani za mbao, mita mia chache kutoka kwenye mizinga. Na jengo lenyewe ni la heshima kwa bibi yule yule ambaye meli zake zilikuwa zinapiga.

---

Fundi Chokaa

Turudi kwenye mawe, maana siasa za masultani hazina mwisho.

Nataka niseme jambo ambalo wengi wanaopita pale hawalioni. Jengo lile limeokolewa kwa chokaa. Baada ya Mapinduzi ya 1964 liliingia mikononi mwa serikali, likakaa miaka bila matunzo, na kufikia mwisho wa miaka ya 1980 lilikuwa kwenye hali mbaya. Mwaka 1990 Aga Khan Trust for Culture, shirika la utamaduni, walilikodi kutoka serikalini wakalitengeneza upya, kazi ya miaka kadhaa. Na hawakuleta kikosi kutoka nje wakaondoka nacho. Mafundi wa hapa hapa walifunzwa upya kazi ambazo babu zao walizijua: kupika chokaa, kupiga lipu, kuchonga mbao, kurudishia maua ya ukutani. Wapo ninaowajua ambao mkono wao uliiva pale.

Sasa kwa nini chokaa na si saruji? Nitaeleza kwa kirefu kidogo, mnivumilie.

Ukuta wetu ni wa mawe ya matumbawe. Jiwe hilo lilikuwa kiumbe cha baharini, lina vitundu kama sponji na lina chumvi ndani. Linanyonya maji ya mvua, linanyonya unyevu kutoka ardhini, kisha linayatoa taratibu kupitia lipu. Chokaa nayo ina vitundu, inaruhusu. Ukuta unapumua, unakunywa masika, unatoa jasho kaskazi. Chokaa yenyewe ikikaa inavuta hewa, ile kaboni dioksidi, inarudi kuwa jiwe polepole. Miaka inapita inazidi kuwa ngumu, lakini haiwi ngumu kuliko jiwe inalolifunika. Hapo ndipo siri. Nyumba ikicheza kidogo chokaa inacheza nayo.

Saruji ni kiburi. Ni ngumu kuliko jiwe na haipitishi maji. Ukimpiga ukuta wa matumbawe lipu ya saruji, umemvalisha koti la mpira kwenye joto la Februari. Maji yanaingia kwenye ufa mdogo hapa, yanapanda kutoka ardhini kule, hayana pa kutokea. Yanakwenda wapi? Yanakwenda kwenye vichwa vya boriti, kule ndani ya ukuta usikokuona. Kichwa cha boriti kinaoza, mchwa wanapata harufu, na chumba kinaonekana kizima, rangi imeng'aa, mpaka siku dari inashuka na watu wake.

Mimi mwenyewe nilifanya kosa hilo ujanani. Mwenye nyumba alitaka "imara", nikampa imara, mchanga na saruji kuta nzima. Alifurahi, akanipa na bakshishi. Miaka sita baadaye akaniita, lipu imetoka kwa mabamba mazima kama maganda ya mhogo, na jiwe nyuma yake limekuwa unga. Unalisugua kwa kidole linamwagika. Nililipia ujinga wangu kwa kufanya kazi ile mara ya pili kwa nusu ya ujira.

---

Kijana wa Kota

Fundi hapo umenifundisha kitu, nakushukuru. Ni sababu hiyo iliyoangusha Beit al-Ajaib?

---

Fundi Chokaa

Kijana wangu, lile lilianguka sehemu Desemba 2020 likiwa katikati ya matengenezo, na mafundi wawili wakafa. Siwezi kukaa hapa mtandaoni nikatoa hukumu ya jengo ambalo sikulishika. Wale walikuwa wenzetu. Nitasema tu kwamba jumba kubwa la mawe likishaanza kuvuja paani, kila mwaka unaousubiri unakula ukuta kutoka ndani. Paa kwanza, rangi mwisho. Sisi huanza na rangi kwa sababu ndiyo inayoonekana siku ya ufunguzi.

---

Bint Malindi

Mie nina dukuduku. Limetengenezwa, limependeza, haya. Lakini limekuwa kituo cha utamaduni, na maonyesho na ofisi. Dawa hakuna. Marehemu bibi yangu alikuwa akisema alipokuwa mdogo alipelekwa pale kwa ajili ya macho, akapewa dawa ya matone, na alichokikumbuka mpaka uzeeni hakikuwa daktari, kilikuwa kioo cha rangi. Eti jua lilipopita lilimwagia madoa ya buluu na kijani sakafuni, naye macho yanamuwasha lakini hataki kuyafumba. Sasa nauliza, si ingerudishwa kuwa zahanati tu?

---

Nesi wa Zamu ya Usiku

Bint Malindi, kwa moyo ningesema ndiyo. Kwa kazi nasema hapana, au si kwa jengo zima.

Zahanati ya leo inataka maji ya bomba kila chumba, sinki la kunawa mkono lisilogusa nakshi, sakafu ya kuoshwa kwa dawa kila siku, friji ya chanjo, mahali pa kutupia sindano, choo cha wagonjwa, njia ya kiti cha magurudumu. Kila kimoja kinataka utoboe ukuta ule wa Fundi au uumwagilie maji na klorini. Ukuta wa chokaa haupendi kuoshwa kila siku. Ungeua jengo kwa kuliponya.

Lakini chumba kimoja cha chini, cha kupima presha na sukari, hakingeharibu kitu. Meza, viti viwili, mashine ya kufunga mkononi. Watu wa bandarini pale wana presha kuliko wanavyojua.

---

Mzee wa Gerezani

Naunga mkono hoja ya chumba kimoja. Na nimpe mleta uzi neno. Ulisema jengo lilifeli kuwa hospitali. Kule Mnazi Mmoja kwenu kuna lile jumba la kuba, Beit el Amani, alilochora Mwingereza Sinclair, lilifunguliwa 1925 kuwa kumbukumbu ya kumalizika kwa Vita Kuu ya Kwanza. Lilijengwa liwe makumbusho, likawa makumbusho. Halikudanganya mtu. Lakini je, kuna bibi wa mtu aliyepata kulikumbuka kwa madoa ya buluu machoni?

---

Mzururaji wa Vichochoro (mleta uzi)

Mzee umenibana kwenye kona, na hiyo ya bibi yake Bint Malindi imenikalia kichwani tangu asubuhi.

Leo nilikwenda tena. Nilifika kama saa kumi, jua likiwa limeinama upande wa bahari. Nilichokuwa nakitafuta safari hii si wodi. Nilisimama pale chini ilipokuwa dispensari, nikajaribu kupanga foleni kichwani: mlango ule pale, benchi huku, mtu wa dawa nyuma ya meza kule. Na ghafla jengo likaingia akilini. Kwa foleni linafaa kabisa. Mgonjwa anayetembea kwa miguu yake, aliyekuja na chupa, anayesubiri nusu saa kivulini, upepo unamkata jasho, kisha anakwenda zake. Ushoroba ni baraza ya kungojea. Ua ni mapafu. Hakuna anayehitaji kuonwa usiku kucha.

Kwa hiyo Nesi, najibu swali langu mwenyewe, nawe unisahihishe: Patel alichora hospitali mbaya na dispensari nzuri sana, bila ya kujua. Waliolinunua baadaye ndio walioligundua.

Fundi, nimegonga ukuta wa chini kwa kifundo cha kidole, nisikie kama lipu bado imeshika jiwe. Upande wa kushoto ukiingia kuna mahali panalia tupu. Nimekuachia alama kwa chaki, ndogo.

---

Fundi Chokaa

Umeandika chaki kwenye jengo la urithi wa dunia? Kesho asubuhi nakwenda kuifuta, na wewe utanikuta pale na ndoo.